Mashine Haioni Yenyewe: Maradhi ya Ini na Sura Zake Kwenye Picha

Hotuba kwa matabibu, wauguzi na wataalamu wa maabara wa zahanati na vituo vya afya vya Kanda ya Ziwa. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wenzetu waliobaki zamu. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.

Mgeni rasmi, viongozi wetu wa afya, wenyeji wetu, na ninyi wenzangu mliovuka maji alfajiri kutoka visiwani: itifaki imezingatiwa. Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo?

Mimi ni mtu wa picha, na nimepewa ini. Kiungo cha kilo moja na nusu hivi, na muda niliopewa hautoshi hata robo yake. Kwa hiyo nitasema jambo moja, nilizungushe, nilirudie, mpaka mnichoke. Picha ya ini peke yake haisemi ugonjwa. Inasema umbo, inasema weusi na weupe, basi. Ugonjwa husemwa na picha pamoja na mgonjwa, na mgonjwa mnaye ninyi.

Mnajua fomu zinazonifikia? "Altrasaundi ya tumbo. Maumivu." Imeisha hiyo. Maumivu ya tangu lini? Ana homa au hana? Anavua, anachunga, anachimba dhahabu? Anakunywa pombe? Amewahi kupimwa homa ya ini B? Fomu iko kimya. Ukimuuliza mgonjwa mwenyewe anakushangaa: "Daktari, si nimeambiwa mashine itaona yenyewe?"

Haioni yenyewe, ndugu zangu. Altrasaundi hutuma mawimbi ya sauti na kusikiliza mwangwi unaorudi. Pasiporudi kitu huonekana peusi: maji, damu, nyongo. Panaporudisha kwa nguvu huonekana peupe: mafuta, makovu, mawe, hewa. Ini zima ni kijivu cha sawasawa, linalingana na figo ya kulia au linaizidi weupe kidogo tu. CT nayo hupima jinsi kila kipande cha mwili kinavyozuia eksirei, na vipimo vyake hubeba jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyeiunda mashine hiyo akapata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 pamoja na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg. Kwa vipimo hivyo maji ni sifuri, na ini zima kabla ya kuchomwa kontrasti, ile dawa ya mshipani inayong'arisha picha, ni kama 50 hadi 60. Lakini 55 ya mtoto wa shule na 55 ya mzee mwenye virusi vya B ni 55 ileile.

Nianze na doa jeusi.

Wapo wagonjwa watatu. Si lazima wawe wamefika siku moja. Nawaweka benchi moja ili muwaone. Wote watatu altrasaundi inaonyesha shimo jeusi ndani ya ini, upana kama wa chungwa.

Wa kwanza ni kijana mchimbaji. Homa wiki mbili, maumivu chini ya mbavu za kulia yanayopanda hadi begani, hataki hata kuguswa. Shimo lake ni moja, liko pande la kulia, karibu na ngozi ya ini, na ndani yake kuna ukungu hafifu. Hilo ni jipu la amiba, kijidudu kinachotoka utumboni, mpaka ithibitike vinginevyo. Linawapata wanaume kwa mbali zaidi kuliko wanawake. Dawa yake ni metronidazole, na mara nyingi homa huanza kushuka ndani ya siku tatu au nne. Wengi hawahitaji sindano ya kutoa usaha. Sindano huja pale jipu linapokuwa kubwa la kutishia kupasuka, au liko pande la kushoto karibu na moyo, au dawa imegoma.

Hapa niseme la pembeni. Shimo la amiba halizibiki haraka. Mgonjwa anapona, anakula, anarudi machimboni, na shimo linaendelea kuonekana kwa miezi. Ni nani humu ameshawahi kumrudishia mtu metronidazole mara ya pili na ya tatu kwa sababu "altrasaundi bado inaonyesha"? Msinyooshe mikono. Mpimeni mgonjwa kwa homa yake na hamu yake ya chakula, msimpime kwa shimo.

Wa pili ni mama wa makamo, ana historia ya mawe kwenye mfuko wa nyongo. Anatetemeka, macho ya njano, presha inashuka. Mashimo yake ni kadhaa, yamesogeleana, na ndani ya mojawapo kuna vidoa vyeupe vinavyometa: hewa. Jipu la bakteria hilo. Huyu anataka antibiotiki za mshipa na usaha utolewe mapema, kisha chanzo kitafutwe, iwe njia ya nyongo iliyoziba au kidole tumbo.

Wa tatu ni mfugaji. Hana homa wala maumivu, kaja kwa sababu mkewe aliona tumbo limejitokeza upande mmoja. Shimo lake ni jeusi safi, lina ukuta wa tabaka mbili, na ndani yake kuna vifuko vidogo vilivyobanana. Huyo ni tegu wa mbwa, Echinococcus. Mbwa anakula matumbo ya mbuzi au kondoo aliyechinjwa, anatoa mayai kwenye kinyesi, mayai yanafika mkononi mwa mtu, kisha mdomoni, kisha kwenye ini.

Ugonjwa huu una kisa kinachotuhusu sisi watu wa picha. Kaskazini mwa Kenya, kwa Waturkana, ulikuwa umeenea kwa kiwango cha juu kabisa kujulikana duniani. Miaka ya 1980 watafiti waliokuwa wakifanya kazi na AMREF, shirika la afya la Afrika, walibeba altrasaundi ndogo mpaka kwenye makazi ya wafugaji wanaohamahama, wakawapima watu hukohuko porini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1987. Mashine ile iliwagundua watu ambao kipimo cha damu kilikuwa kimewapita. Kazi za namna hiyo ndizo zilizolisaidia Shirika la Afya Duniani baadaye kupanga vifuko hivyo katika hatua, kutoka CE1 hadi CE5, kwa sura yake kwenye altrasaundi tu. Hatua za mwanzo kifuko ni hai na hutibiwa. Hatua za mwisho kimekufa, kinageuka chokaa, na mgonjwa anaweza kuachwa akiangaliwa tu.

Sasa ona. Wa kwanza, sindano si lazima. Wa pili, sindano ndiyo uhai wake. Wa tatu, ukimchoma kwa kubahatisha, bila maandalizi na bila dawa ya minyoo, maji yale yanaweza kumwagika tumboni, mwili ukapata mshtuko wa mzio akafia mezani. Na akinusurika, vifuko vinaota upya kila mahali. Picha zinafanana kuliko mnavyodhani. Kilichonitenganishia ni "homa wiki mbili", ni "mawe ya nyongo", ni "mfugaji". Maneno mawili matatu. Fomu ina nafasi ya kutosha.

Twende kwenye la kwetu wenyewe, la ziwani. Hapa nitakaa.

Analetwa mvuvi, miaka thelathini na kitu. Ametapika damu, na si mara ya kwanza. Ana karatasi ya vipimo vya nyuma imeandikwa "sirosisi", yaani ini lililojaa makovu, ambalo watu hulihusisha na pombe. Kijijini wameshahitimisha: mlevi. Mama yake ananong'ona kwamba mwanawe ni muumini, pombe hajawahi kuionja, lakini karatasi ya hospitali imesema, nani abishane na karatasi? Hilo neno lilikuwa limemvunjia uchumba.

Ukiweka kifaa tumboni, jambo la kwanza ni bandama. Imeshuka mpaka usawa wa kitovu. Pande la kushoto la ini limekua, la kulia limesinyaa. Na matawi ya vena porta, ule mshipa mkubwa unaoleta damu kutoka matumboni, yana kuta nene nyeupe. Yakikatwa kwa upana ni pete nyeupe, yakifuatwa kwa urefu ni mabomba meupe yanayoingia ndani ya ini. Lakini nyama ya ini katikati ya mabomba hayo imetulia, na uso wa ini hauna vinundu vingi. Tukaangalia damu: albumini, protini inayotengenezwa na ini, ni nzuri, na bilirubini, ile rangi ya njano ya nyongo, ni ya kawaida. Ini linafanya kazi!

Hiyo si sirosisi. Hicho ni kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni. Minyoo hukaa kwenye mishipa ya utumbo na kutaga. Sehemu ya mayai husombwa na damu, huja kukwama kwenye vijitawi vya vena porta, na mwili huyazungushia makovu. Mwaka 1904 daktari Symmers, akichunguza maiti huko Misri, alieleza makovu haya akayafananisha na vijiti vya kiko cha udongo, na mpaka leo jina hilo linatumika. Ona tofauti: sirosisi huharibu ini lenyewe, seli zinakufa, makovu yanasambaa kote, ini linakuwa vinundu. Kichocho huziba njia za kuingilia, seli zinabaki. Damu ikikosa pa kupita inarudi nyuma: bandama inavimba, mishipa ya umio inatanuka, siku moja mmoja unapasuka.

Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu hatima zao hazifanani. Mwenye sirosisi iliyokomaa akitoka damu, ini lake dhaifu linaweza kushindwa kabisa. Mvuvi wetu akivushwa kwenye ile damu, mishipa ikafungwa kwa kamera ya tumbo, akapewa propranolol ya kushusha presha ya mishipa hiyo na prazikwanteli ya kuua minyoo ya kichocho, ana miaka mingi mbele yake, kwa sababu ini lake lipo kazini. Huyu si wa kuambiwa "mkae naye tu nyumbani". Na makovu ya kichocho, hasa kwa watoto na vijana, yanaweza kupungua baada ya matibabu, ingawa huchukua muda, na ingawa akirudi majini ataambukizwa tena.

Wataalamu walikutana Niamey, Niger, mwaka 1996, wakakubaliana namna moja ya kusoma ini la kichocho, na Shirika la Afya Duniani likauchapisha mwongozo huo mwaka 2000. Herufi A ni ini la kawaida, kisha inaendelea hadi F, makovu yanapofika mpaka kwenye uso wa ini. Uzuri wa mwongozo ule ni kwamba hauhitaji mashine ya bei. Unahitaji mtu aliyejua atafute nini. Na atajua vipi? Kwa fomu. "Mkazi wa kisiwani, mvuvi, katapika damu." Ukiniandikia hivyo naenda moja kwa moja kwenye vena porta. Ukiniandikia "maumivu", naanza na mfuko wa nyongo kama wengine wote.

Msiulize tu "unakaa wapi". Ulizeni amekulia wapi. Mtu amehamia Dodoma miaka mingi, ana duka, anavaa tai, lakini utoto wake wote aliogelea Ukerewe. Na lingine: mtu wa ziwani anaweza kuwa na vyote, kichocho na homa ya ini B kwa pamoja. Ukikuta kimoja usiache kutafuta cha pili.

Ini lenye mafuta nitalipitia haraka, maana mnalijua na linaongezeka. Kwenye altrasaundi ini linakuwa jeupe kuliko figo, kuta za mishipa zinafifia, na sehemu ya ndani karibu na kiwambo haionekani vizuri kwa sababu sauti imechoka kabla ya kufika. Kwenye CT bila kontrasti ini linakuwa jeusi kuliko bandama. Mafuta yakiwa machache, chini ya asilimia 20 hivi, altrasaundi inaweza isiyaone kabisa. Pia haiwezi kukwambia kama yameanza kuliunguza ini au yamekaa tu. Kuna mtego mmoja: karibu na mfuko wa nyongo hubaki kiraka kisicho na mafuta, kinaonekana cheusi ndani ya weupe, na watu wameshatishwa kwamba ni uvimbe. Mgonjwa wa namna hii mpimeni sukari, presha na kiuno. Akipunguza uzito kwa asilimia 7 hadi 10, ini linashukuru. Zile chupa za "kusafisha ini" zinazouzwa stendi, mimi nasema hadharani: mtu abaki na hela yake.

Sasa homa ya ini B, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Konda mmoja alikwenda kuchangia damu, akaambiwa ana virusi vya B. Akahangaika, akapata hela, akafanya altrasaundi. Majibu: ini la kawaida. Akafurahi, akaifunga karatasi ile kwenye plastiki, akawa anamwonyesha kila anayemuuliza: nimepona. Miaka minne baadaye alirudi tumbo limejaa maji, na ndani ya ini kuna uvimbe uliokwisha kuingia kwenye vena porta.

Ile picha ya kwanza ilidanganya? Hapana. Ilijibu swali lililoulizwa: je, leo kuna uvimbe, kuna makovu makubwa? Leo hakuna. Haikuulizwa kama kuna virusi, wala ingejua. Ini lenye virusi vya B linaweza kuwa na sura nzuri kabisa kwa miaka. Picha safi si ini safi. Nirudie: picha safi si ini safi. Huyo alitakiwa aambiwe apimwe wingi wa virusi na vimeng'enya vya ini, aangaliwe kama anastahili tenofovir, dawa ya kuvizuia virusi, na arudi kwa picha kila miezi sita.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi hivi, na kati yao asilimia 13 tu ndio waliokuwa wamegundulika. Mtoto mchanga akiambukizwa na mama yake, uwezekano wa virusi kubaki mwilini maisha yote unafika asilimia 90. Mtu mzima ni chini ya 5. Chanjo yetu ya watoto Tanzania ilianza mwaka 2002. Hesabuni wenyewe: makonda, wavuvi, walimu, na wengi wetu humu tumezaliwa kabla yake. Ongezeni sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga, ambayo ikikutana na virusi vya B huzidisha sana hatari ya saratani. Sumukuvu kwa wingi huua hata bila saratani: Kenya mwaka 2004 waliripotiwa wagonjwa 317 na vifo 125, na kwetu Dodoma na Manyara mwaka 2016 waliugua 68, wakafa 20. Huku kwetu saratani ya ini inawakuta watu wengi kabla ya miaka 50, na wakati mwingine ini halijawa hata na sirosisi. Kwa hiyo msingoje mgonjwa azeeke ndipo mumpeleke picha.

Kwenye CT saratani hii tunaikamataje? Sikilizeni, maana hapa hela za wagonjwa zinapotea. Ini hupata damu kwa njia mbili. Robo tatu inakuja kwa vena porta, robo kwa ateri. Saratani ya ini hujilisha zaidi kwa ateri. Ukichoma kontrasti na kupiga picha mapema, kama nusu dakika baadaye, uvimbe unawaka wakati ini bado limefifia. Ukipiga tena baada ya dakika moja na zaidi, ini limejaa kontrasti ya vena porta na uvimbe umeshapoteza yake: unaonekana mweusi. Kuwaka kisha kufifia. Kwa mtu mwenye sirosisi au virusi vya B vya muda mrefu, na uvimbe unaofika sentimita moja, sura hiyo inaweza kutosha bila hata kukata kinyama. Lakini CT iliyopigwa bila kontrasti, au kwa awamu moja tu, haiwezi kuonyesha mwendo huo. Mgonjwa ameuza mbuzi, amelipa, na anatakiwa alipe tena. Andikeni: "CT ya ini, awamu zote."

Na mwalimu mmoja wa kike, alipimwa ujauzito, kwa bahati wakaona doa jeupe la mviringo kwenye ini. Alipojifungua tu akaanza kugawa mali, kiwanja kwa mdogo wake, cherehani kwa jirani. Alipofika kwetu tukapiga awamu zote. Doa lilipokea kontrasti kwa vibonge pembeni, likajaa polepole kuelekea katikati, na halikufifia. Hemanjioma: fundo la mishipa ya damu, uvimbe usio saratani unaoonekana kuliko wote kwenye ini. Virusi vya B hana, mwili hajapungua. Dawa yake? Hakuna, hauhitaji. Cherehani aliirudisha, kiwanja, nasikia, bado wanavutana.

Mmeniuliza kwenye vikaratasi kama mgonjwa afunge kula kabla ya altrasaundi. Afunge, saa sita hivi, ili mfuko wa nyongo ujae na hewa tumboni ipungue. Maji anaweza kunywa. Ila anayetapika damu au mwenye homa kali mlete kama alivyo. Tusimfungishe mgonjwa mahututi kwa ajili ya picha nzuri.

Na dada yetu muuguzi wa kisiwani ameandika: "Sisi altrasaundi hatuna, tufanye nini?" Dada, una mkono. Mlaze mgonjwa chali, anza chini kabisa tumboni upande wa kushoto, papasa kupanda kuelekea mbavu. Ukianza juu bandama kubwa utaikosa. Ukiikuta, kumbuka malaria nayo huivimbisha, kwa hiyo pima malaria, pima choo kama darubini ipo, pima B kwa kile kipimo cha haraka. Mtu mwenye bandama kubwa mtume kabla hajatapika damu, na kwenye fomu andika yote matatu, hata majibu yakiwa hasi. Hasi ya kwako inanipunguzia nusu ya kazi.

Mashine ndogo iko pale mlangoni. Baada ya chai nahitaji wawili wa kujitolea walale, wasiwe wamekula chapati.